Warumi Wasiotoka Roma

Mji wa South Shields, pale mto Tyne unapoingia baharini, una makumbusho madogo ambayo ungeyapita ukidhani ni ofisi ya serikali za mitaa. Ndani yake mna jiwe la kaburi la mwanamke aitwaye Regina. Amechongwa akiwa ameketi kwenye kiti cha kusukwa, kisanduku cha vito upande mmoja, kikapu cha sufu upande wa pili, na uso wake wote umevunjika. Maandishi ya Kilatini chini ya miguu yake yanasema alikuwa wa kabila la Catuvellauni, watu waliokaa kaskazini ya mahali ilipo London leo, na kwamba alikufa akiwa na miaka 30. Alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, na aliyemwacha huru ndiye huyo huyo aliyemwoa na kumzika: Barates, mtu wa Palmyra, nchi ya Shamu. Chini ya Kilatini upo mstari mmoja wa lugha ya kwao Barates, unaosomwa kutoka kulia kama Kiarabu. Kilatini kimekosewakosewa. Mstari wa Kipalmyra umechongwa kwa mkono uliotulia, na ndimo kilio kilimowekwa.

"Mjomba," akaniuliza mpwa wangu, ambaye anasoma Newcastle na ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu, "huyu bwana alitoka Syria mpaka kwenye baridi hii kutafuta nini?"

Ilikuwa mwezi wa Juni, na wote wawili tulikuwa tumevaa makoti.

Kando ya Regina lipo jiwe la kijana wa miaka 20, jina lake Victor, Mmauri wa Afrika Kaskazini. Naye alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Bwana wake, Numerianus, alikuwa askari mpanda farasi katika kikosi kilichoundwa kwanza kwa watu wa Asturia, kaskazini mwa Hispania. Na katika karne za mwisho za dola, ngome ya Arbeia, iliyokuwa mahali hapa hapa, iliandikwa kwenye orodha ya jeshi kuwa kituo cha wanamaji kutoka mto Tigris, Iraki ya leo. Kwa hiyo mpaka hapo, katika chumba kimoja kisichozidi darasa la shule, nilikuwa nimeshakutana na Mshami, Mmauri, Mhispania na fununu ya Wairaki. Mtu wa Roma hata mmoja sikumwona.

Sisi tuliosoma shule za misheni tunawajua Warumi kwa njia ya Biblia: Kaisari anayeamuru watu waandikwe, liwali anayenawa mikono, akida wa Kapernaumu mwenye mtumishi mgonjwa. Kichwani wote hao ni watu wa Roma waliovaa kofia za chuma. Ukuta wa Hadrian hauachi picha hiyo ikae muda mrefu.

Tulipanda treni asubuhi kwenda Hexham, na kutoka hapo basi linaloitwa AD122. Waliolipa basi hilo namba hiyo hawakuipata kwa bahati nasibu: mwaka 122 ndio Hadrian alipofika Britania, na ndio ujenzi wa ukuta ulipoanza. Hadrian alikuwa Kaisari wa ajabu kidogo. Familia yake ilikuwa na makazi Hispania, na katika miaka 21 ya utawala wake alitumia zaidi ya nusu nje ya Italia, akizunguka kutoka jimbo hadi jimbo. Mtangulizi wake Trajan alikuwa ameipanua dola mpaka Mesopotamia. Hadrian alipokabidhiwa tu akaiachia nchi ile ya mashariki na kuanza kuchora mipaka. Huku kaskazini aliuchora kwa mawe: kilomita 117 kutoka bahari hadi bahari, kila maili ya Kirumi ina kiboma chenye lango, na kati ya kiboma na kiboma minara miwili. Upande wa magharibi, sehemu ndefu ilijengwa kwanza kwa udongo na majani, ikaja kubadilishwa kuwa mawe baadaye. Waliojenga ni askari wa lejioni tatu, ya Pili, ya Sita na ya Ishirini, na kila kundi lilichonga jina la akida wake kwenye kipande lilichomaliza, kama mafundi wanaotaka kuhesabiwa kazi yao siku ya malipo.

Kaskazini ya ukuta kuna handaki, jambo la kawaida. Lakini kusini nako kuna handaki jingine, pana, limeinuliwa kingo mbili za udongo, na unapita kwa ruhusa tu. Mtu anayelinda nyumba yake hachimbi shimo sebuleni. Nilipoliona lile handaki la kusini ndipo nilipoamini wanaosema kuwa ukuta huu haukuwekwa kuzuia jeshi kubwa. Uliwekwa kuhesabu watu na ng'ombe, kutoza ushuru, na kuhakikisha Wabritoni wa huku na wa kule hawapangi mambo bila Warumi kujua.

Chesters hatukukaa. Ni ngome ya wapanda farasi, ina hamamu nzuri kando ya mto, na siku hiyo ilikuwa imejaa watoto wa shule. Tukashukia Housesteads.

Ngome ya Housesteads imekaa juu ya mgongo wa mwamba, na upepo wake unakusukuma kifuani. Hapa walikaa Watungria, watu wa Ubelgiji ya leo, kikosi cha askari wapatao 800. Ukiingia kwa lango la kusini, upande mmoja unakutana na choo cha jeshi, na nakiri hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine. Ni chumba kirefu chenye mfereji wa kina pande zote. Juu yake palikuwa na mabenchi ya mbao yenye matundu, bila kizuizi kati ya mtu na jirani yake. Mbele ya miguu unapita mfereji mwembamba wa maji safi. Kibao kinaeleza kwamba maji hayo yalikuwa ya kuoshea sponji iliyofungwa kwenye kijiti.

"Sponji ya shirika," mpwa wangu akasema, akakunja uso.

Choo cha askari wa Kirumi kimepigwa picha sana, lakini mimi kilichonigusa ni nyumba ya mkuu wa ngome. Askari wanane walilala katika chumba kimoja na kuweka silaha na vyombo vyao katika kingine kidogo mbele yake. Mkuu wao alikuwa na nyumba yenye ua katikati, jiko lake, choo chake, na chumba ambacho sakafu yake ilipashwa moto kwa hewa iliyopita chini. Mkuu huyo alikuja na mke, watoto na watumwa. Askari wa kawaida hakuruhusiwa kuoa kisheria mpaka siku za Septimius Severus, mwisho wa karne ya pili. Aliishi na mwanamke kijijini nje ya lango, akazaa naye, na mbele ya sheria mtoto hakuwa wake.

Bei ya binadamu wakati huo tunaijua kutokana na kibao kilichofukuliwa London: msichana aitwaye Fortunata, kutoka Gaul, aliuzwa kwa dinari 600. Askari wa lejioni alilipwa dinari 300 kwa mwaka, kabla ya kukatwa chakula na viatu. Na aliyemnunua Fortunata alikuwa mwenyewe mtumwa, Vegetus, msaidizi wa mtumwa mwingine, Montanus, ambaye alikuwa mali ya Kaisari. Nilimweleza mpwa wangu mara mbili mpaka akaelewa: msichana wa mtumwa wa mtumwa wa mfalme. Mtumwa wa ofisi ya Kaisari aliweza kuwa na fedha nyingi kuliko askari huru aliyesimama ukutani akipigwa na mvua.

Tulikwenda Vindolanda mchana. Kama una siku moja tu ya kuwaona Warumi wa kaskazini, acha mengine yote uende huko. Ngome hii ipo kusini kidogo ya ukuta na imeutangulia kwa miaka zaidi ya 30. Wenyeji wake walikuwa na tabia ya kubomoa jengo la mbao, kufunika takataka kwa udongo, na kujenga jipya juu yake. Udongo ukalowa, hewa ikakosekana, na vitu vinavyooza vikakataa kuoza. Vimetoka humo viatu vya ngozi kwa maelfu, vikiwemo vya wanawake na vya watoto wachanga, tena vingine vimeokotwa ndani ya mabweni ya askari ambao kisheria hawakuwa na familia. Kimetoka kiti cha choo cha mbao. Na tangu mwaka 1973, Robin Birley alipokuta vipande viwili vya mbao vilivyogandana, vimetoka vibao vyembamba kama kadi, vimeandikwa kwa wino wa masizi.

Vingi viko London, lakini vichache vimebaki hapa ndani ya kioo chenye mwanga hafifu. Nilitegemea kusoma habari za vita, nikakuta habari za ofisi. Kimoja ni taarifa ya nguvu ya kikosi cha Kwanza cha Watungria, tarehe 18 Mei, miaka ya 90. Kikosi kina watu 752. Wasiokuwepo ni 456: kundi kubwa la watu 337 lipo Coria, 46 ni walinzi wa liwali, wengine wametawanyika, mpaka London. Waliopo ni 296, na kati yao 15 ni wagonjwa, sita wana majeraha na 10 wanaumwa macho. Wanaofaa kwa kazi, 265. Jeshi lililotisha dunia, ukilihesabu asubuhi moja ya Mei, theluthi tu ndiyo iliyoweza kusimama foleni.

Vingine ni barua. Mtu ametumiwa soksi, makubazi na chupi jozi mbili. Masclus, kiongozi wa wapanda farasi, anamwandikia mkuu wake Flavius Cerialis kwamba wenzake wameishiwa bia, iletwe. Claudia Severa anamwalika Sulpicia Lepidina, mke wa Cerialis, kwenye sikukuu yake ya kuzaliwa tarehe 11 Septemba. Barua imeandikwa na karani, lakini maneno ya mwisho, ya kumwita dada na kumuaga kwa mapenzi, ameyaandika kwa mkono wake, na ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kilatini yanayojulikana kuandikwa na mwanamke. Octavius, mfanyabiashara, analia kwamba amenunua nafaka nyingi, asipopelekewa dinari zisizopungua 500 atapoteza arubuni yake, na kwamba ngozi zake ziko Catterick lakini hakutaka kuwaumiza wanyama kwa kwenda kuzichukua wakati barabara ni mbovu. Nimewahi kupokea barua kama hiyo kutoka kwa jamaa yangu anayenunua mahindi Songea wakati wa masika.

Halafu kuna karatasi ya mtu mmoja, au tuseme kibao, kilichonifanya nirudi kuyasoma tena maelezo yake. Ni malalamiko ya mchuuzi aliyepigwa fimbo mpaka akatoka damu. Anaomba haki kwa mkubwa sana; wapo wataalamu wanaodhani alikusudia ombi limfikie Hadrian mwenyewe. Hoja yake ni kwamba hana hatia, na kwamba yeye ni mtu wa ng'ambo ya bahari. Hasemi kuwa ni raia wa Roma. Angekuwa raia, angelisema hilo kwanza, kama Paulo alivyolisema kule Yerusalemu alipokwisha kufungwa kwa kamba ili apigwe mijeledi, na yule jemadari akaogopa. Mchuuzi wetu alikuwa na ugeni wake tu wa kujitetea nao. Maana ya hoja yake ni nyepesi kuielewa: wapigwe wenyeji. Wenyeji hao, katika kibao kingine cha Vindolanda, wanaitwa kwa dharau "Vibritoni".

Na anayewaita hivyo ni nani? Waliokuwa Vindolanda kibao hicho kilipoandikwa ni Wabatavi, watu wa mdomo wa mto Rhine, Uholanzi ya leo. Mwaka 69 Wabatavi waliasi dhidi ya Roma wakiongozwa na Civilis, wakachoma kambi za lejioni, wakashindwa mwaka uliofuata. Miaka kumi na kitu baadaye vikosi vya Wabatavi na Watungria ndivyo vilivyotangulizwa kwenye vita vya Mons Graupius, Uskoti, huku lejioni zikisimama nyuma zikitazama. Tacitus, aliyeandika habari za vita hivyo kwa kumsifu mkwewe jemadari Agricola, anaona ni ushindi mtamu zaidi kwa kuwa haukumwaga damu ya Kirumi.

Mtu wa kwetu hahitaji kufafanuliwa sana. Mjerumani Wissmann alipotumwa pwani mwaka 1889 kumpiga Abushiri, wengi wa askari wake walikuwa Wasudani aliowaandikisha Misri na Washangaani wa Msumbiji. Baada ya nusu karne hivi vijana wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa wakapelekwa Burma kupigana na Wajapani ambao hawakuwahi kuwakosea. Nadhani ndiyo sababu nilichoka kuangalia sanamu za makaisari mapema, nikazidi kuwatafuta hawa. Tofauti ni moja kubwa, nayo nilimpa mpwa wangu pale kwenye mgahawa wa Vindolanda ikiwa jibu la swali lake la South Shields. Askari msaidizi wa Roma aliyemaliza miaka 25 alipata uraia wa Roma, yeye na watoto wake, na angeweza kuandikiwa hati kwenye bamba za shaba nyeusi, zimefungwa na kupigwa mihuri ya mashahidi. Watu wa Keya walipata medali.

"Miaka 25 ni mingi," akasema.

Ni mingi. Tena kati ya hapo na kiinua mgongo kuna homa, kuna Wabritoni, na kuna akida mwenye fimbo ya mzabibu. Mmoja wao huko Pannonia, Lucilius, askari walimpa jina la "Lete Nyingine", kwa kuwa kila alipovunja fimbo moja mgongoni mwa mtu aliagiza ya pili. Walipoasi mwaka 14, walimuua.

Siku iliyofuata tulikwenda Carlisle, na kutoka huko Burgh by Sands, kijiji kilichokaa juu ya ngome ya Aballava karibu na mwisho wa ukuta. Ukuta wenyewe huku hauonekani. Kanisa limejengwa kwa mawe yake, na nyumba kadhaa nazo, nadhani, hazina haki ya kulicheka kanisa. Nilikuja kwa sababu ya jiwe lililookotwa kijiji cha jirani mwaka 1934: madhabahu ya Jupiter iliyowekwa na kikosi cha Wamauri, Waafrika wa Kaskazini, katikati ya karne ya tatu. Tangu mwaka 2016 kijiji kina kibao cha kuwakumbuka.

Hawakuwa Waafrika wa kwanza kupita njia hii. Mwaka 208 alikuja Kaisari mwenyewe, Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo, mzee anayeumwa miguu hata akabebwa kwenye machela. Alipata ufalme kwa upanga mwaka 193, mwaka ambao walinzi wa Kaisari pale Roma walimuua Pertinax wakaunadi ufalme kwa aliyetaja fedha nyingi, Didius Julianus, aliyekaa kitini kwa miezi miwili tu. Severus akaivunja ile jamii ya walinzi na kuweka askari wake wa mipakani. Akapandisha mishahara. Akawaruhusu askari kuoa. Masimulizi yaliyoandikwa muda mrefu baadaye yanadai kwamba karibu na Carlisle askari mmoja Mwethiopia, mchekeshaji maarufu kambini, alimjia na shada la mivinje, mti wa misiba, akamtania kwamba ameshakuwa kila kitu, sasa awe mungu. Severus hakucheka. Alifia York tarehe 4 Februari 211, na wosia aliowaachia wanawe wawili, kama mwanahistoria Dio anavyousimulia, ulikuwa wapatane, wawatajirishe askari, na wengine wote wasiwajali. Kupatana kuliwashinda: kabla ya mwaka kwisha Caracalla alimuua mdogo wake Geta. La askari alilishika vizuri, na mwaka 212 akatoa uraia wa Roma kwa karibu watu wote huru wa dola.

Tulikaa kwenye ukuta mfupi wa kanisa kusubiri basi, na mpwa wangu akawa anapiga hesabu. Kama kila mtu huru ni raia tangu mwaka 212, Wamauri hawa wa miaka ya 250 walikuwa wanatumikia nini?

"Mshahara," nikamwambia. Na mshahara wenyewe ulikuwa ukilipwa kwa sarafu zilizozidi kupungua fedha na kujaa shaba mwaka hadi mwaka. Kwenye madhabahu yao walijiita kikosi cha Valerian na Gallienus, baba na mwana waliotawala pamoja. Mwaka 260 Valerian alikamatwa vitani na Shapur, mfalme wa Uajemi, akafia utumwani.

"Sasa Kaisari yuko jela Uajemi, wao wako hapa. Nani aliwalipa?"

"Postumus. Jemadari wa mpaka wa Rhine. Alijitangaza Kaisari mwaka huo huo, Gaul ikamfuata, na Britania ikamfuata."

"Na huyo Postumus aliishia wapi?"

"Askari wake walimuua mwaka 269. Walitaka kupora mji wa Mainz, akawakatalia."

Basi likaja, limechelewa dakika 20.